Namna ya Kulitazama Onyesho Jipya la Opera ya Carmen

Opera ya Carmen, iliyotungwa na Mfaransa Georges Bizet, ni miongoni mwa opera zinazoonyeshwa mara nyingi zaidi duniani, na kwa sababu hiyo hiyo ni miongoni mwa zile ambazo waongozaji hawachoki kuzibadilisha. Mtazamaji anayeingia ukumbini leo, au anayefuatilia matangazo ya moja kwa moja katika jumba la sinema, huenda akamkuta Carmen amevaa suruali ya jinzi na kupanda lori badala ya kuzungusha sketi katika uwanja wa Sevilla. Watazamaji wawili walioketi bega kwa bega watatoka wakibishana, mmoja akidai kwamba opera imeharibiwa, mwingine akidai kwamba imefufuliwa, na mara nyingi wote wawili watakuwa wanalilinganisha onyesho hilo na onyesho jingine waliloliona zamani, wala si na kazi yenyewe.

Kipo kipimo bora kuliko hicho, nacho kinahitaji kutenganisha mambo matatu: yale ambayo Bizet na waandishi wake waliyaandika, yale yaliyoongezwa na mikono ya wengine baada ya Bizet kufariki, na yale ambayo hayakuandikwa na mtu yeyote bali yamezoeleka tu kwa kurudiwarudiwa. Mwongozaji yu huru kabisa juu ya hayo ya tatu, ana hiari juu ya ya pili, na akiyagusa ya kwanza anapaswa kuwa na sababu inayoonekana jukwaani, si katika kijitabu cha maelezo peke yake. Maelekezo yafuatayo yanamwandaa mtazamaji kuyatambua hayo matatu yanapopita mbele yake.

Soma kisa mapema

Hakuna sababu ya kuogopa kuujua mwisho kabla ya wakati. Opera hii haiufichi mwisho wake. Okestra inautangaza hata kabla pazia halijafunguliwa.

Kisa kinatokea Sevilla, kusini mwa Hispania, mnamo mwaka 1820 hivi, nacho kimegawanywa katika sehemu nne. Katika sehemu ya kwanza Don José, koplo kutoka Navarra, jimbo la kaskazini mwa Hispania, yuko zamu karibu na kiwanda cha tumbaku. Micaëla, msichana aliyelelewa na mama yake José, anamletea barua, fedha na busu kutoka kwa mama huyo. Carmen, mfanyakazi wa kiwandani, anamtupia José ua. Muda si mrefu anamjeruhi mfanyakazi mwenzake kwa kisu, anakamatwa, na José aliyepewa kazi ya kumpeleka gerezani anamwachia atoroke. Sehemu ya pili iko katika kilabu cha Lillas Pastia, ambako José, akiwa ametoka kutumikia kifungo kwa kosa hilo, anamfuata Carmen, anagombana na ofisa wake Zuniga na hatimaye analiasi jeshi. Katika sehemu ya tatu tunamkuta milimani pamoja na wafanya magendo, mapenzi yakiwa yamekwisha kupoa. Carmen anaona kifo katika karata, Escamillo mpigana na fahali anakuja kumtafuta, na Micaëla anamwita José aende kwa mama yake aliye mahututi. Sehemu ya nne iko nje ya uwanja wa kupigania fahali, ambako Carmen amefika na Escamillo. José anambembeleza, anamtishia, anakataliwa, na anamchoma kisu.

Anayekijua kisa hiki ataweza kuyaondoa macho yake kwenye maandishi ya tafsiri yanayopita juu ya jukwaa, na hiyo ni faida kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa mengi ambayo mwongozaji ameyaongeza hufanyika pembeni mwa jukwaa wakati ambapo ukumbi mzima umeinua kichwa kusoma.

Jua opera ilikotoka

Chanzo chake ni hadithi fupi ya Prosper Mérimée iliyochapishwa mwaka 1845. Mérimée alikuwa mwandishi na pia mkaguzi wa majengo ya kale wa serikali ya Ufaransa, na kiini cha hadithi alikipata kutoka kwa mwanamke wa ukoo wa kifahari, Countess wa Montijo, alipoizuru Hispania mwaka 1830. Katika hadithi hiyo msimulizi ni msomi wa Kifaransa aliye safarini, na sehemu kubwa ya mambo anaambiwa na José mwenyewe, ambaye yuko gerezani akisubiri kunyongwa. Maana yake ni kwamba Carmen wa Mérimée hatumsikii ila kupitia vinywa vya wanaume wawili, mmoja mgeni mwenye udadisi na mwingine ndiye aliyemuua.

Waandishi wa maneno ya opera, Henri Meilhac na Ludovic Halévy, walimwondoa msimulizi, na kwa kufanya hivyo walimpa Carmen nafasi ya kusimama na kujisemea. Walimwondoa pia mume wake, Garcia mwenye jicho moja, ambaye katika hadithi anauawa na José. Lucas, mpigana na fahali anayepita tu katika hadithi, walimkuza wakamfanya Escamillo. Micaëla walimbuni wenyewe kwa lengo la kuweka jukwaani msichana mmoja mwenye heshima, maana Opéra-Comique ya Paris, ambako kazi hii ilikuwa ionyeshwe, ilikuwa nyumba ya maonyesho ya familia, mahali ambapo wazazi waliwakutanisha vijana wao kwa ajili ya kupanga ndoa.

Hata Micaëla hakutosha kuwatuliza wakubwa wa nyumba hiyo. Adolphe de Leuven, mmoja wa wakurugenzi wawili, alipinga vikali mwanamke kuuawa mbele ya hadhira, na mwaka 1874 aliacha kazi. Wanawake wa kwaya walilalamika kwa kutakiwa kuvuta sigara, kupigana na kuingia jukwaani mmoja mmoja badala ya kupanga mstari kama walivyozoea. Célestine Galli-Marié, mwimbaji wa kwanza wa nafasi ya Carmen, alikataa pamoja na Bizet kulegeza mwisho. Onyesho la kwanza lilifanyika tarehe 3 Machi 1875, likapokewa kwa ubaridi na kwa maneno makali magazetini. Bizet alifariki tarehe 3 Juni mwaka huo huo, miezi mitatu kamili baadaye, akiwa na umri wa miaka 36, na ushindi wa opera yake mjini Vienna mwezi Oktoba hakuuona.

Usuli huu una kazi ya moja kwa moja kwa mtazamaji wa leo. Anayedai arudishiwe Carmen wa jadi, mzuri, wa rangi rangi na asiyemkera mtu, anadai kitu ambacho hakikuwapo mwaka 1875. Tangu siku ya kwanza kazi hii ilikuwa inaivunja desturi ya nyumba iliyoipokea, na mwongozaji anayeiudhi hadhira hawezi kushutumiwa kwa kosa hilo pekee. Anaweza kushutumiwa kwa mengine, nayo tutayafikia.

Uliza linatumika toleo gani

Hili ndilo jambo ambalo watazamaji wengi hulipita, nami naliona zito kuliko mavazi na mapambo yote. Katika Opéra-Comique sheria ilikuwa kwamba kati ya nyimbo watu huzungumza kama katika mchezo wa kuigiza wa kawaida. Carmen ya mwaka 1875 ilikuwa hivyo. Vienna ilipotaka kuionyesha, na Bizet akiwa ameshafariki, rafiki yake Ernest Guiraud, ambaye naye alikuwa mtunzi, aliyaondoa mazungumzo na mahali pake akatunga vipande vifupi vya kuimbwa, vile viitwavyo resitativo. Toleo la Guiraud ndilo lililozunguka dunia, hata vizazi kadhaa vya wapenzi wa opera viliamini kwamba kila noti waliyoisikia ilitoka kwa Bizet.

Mwaka 1964 Mjerumani Fritz Oeser alichapisha toleo lililorudisha mazungumzo, lakini pamoja nayo akarudisha muziki ambao Bizet alikuwa ameuondoa wakati wa mazoezi. Wataalamu wakagombana, kwa kuwa si rahisi kujua ni kipi Bizet alikikata kwa kulazimishwa na ni kipi alikikata kwa kuwa alikiona dhaifu. Tangu hapo nyumba za opera huchagua na kuchanganya zinavyopenda, na hakuna maonyesho mawili mapya yanayotumia matini iliyo sawa kabisa.

Ili uone tofauti hiyo inavyofanya kazi, sikiliza mazungumzo ya Zuniga na José katika sehemu ya kwanza, kabla kengele ya kiwanda haijalia. Katika toleo la mazungumzo José anaeleza kwa nini yuko jeshini: nyumbani walitaka awe padre, lakini yeye alipenda mno mchezo wa mpira wa mkono, siku moja alishinda, kijana mmoja wa Álava akamchokoza, José akamzidi nguvu tena, na baada ya hapo ikambidi alihame jimbo lake. Anasema hayo kwa upole, katika sentensi chache, naye Zuniga anaendelea na mengine. Resitativo za Guiraud hazina maelezo hayo. Kwa hiyo katika toleo moja tunajua tangu mwanzo kwamba koplo huyu mtulivu ana mkono mwepesi na kwamba ugomvi umeshamharibia maisha kabla hajamjua Carmen. Katika toleo jingine anaonekana kuwa kijana safi aliyepotoshwa na mwanamke. Lawama ya kifo cha sehemu ya nne imekwisha kuhamishwa kutoka bega moja hadi jingine, na mwongozaji hajasogeza hata kiti.

Mimi naegemea upande wa mazungumzo, hata yakifupishwa, hata yakitamkwa na waimbaji ambao Kifaransa chao kinachechemea. Hata hivyo ni haki kukiri kwamba Guiraud alifanya kazi yake kwa ustadi, na kwamba katika ukumbi wenye viti zaidi ya 3,000 maneno ya kuzungumzwa bila muziki hupotea njiani kabla hayajafika safu za nyuma. Wako pia waliotafuta njia ya tatu. Barrie Kosky, katika onyesho alilolianzisha Frankfurt mwaka 2016 na kulipeleka London mwaka 2018, aliyaweka kando mazungumzo na resitativo vilevile, akaweka sauti ya mwanamke inayosimulia kwa maneno yaliyochukuliwa kwa Mérimée, huku jukwaa zima likiwa ngazi moja kubwa.

Taarifa za toleo hupatikana katika kijitabu cha onyesho au katika tovuti ya nyumba husika. Zisipotajwa, robo saa ya kwanza itakujulisha: askari wakianza kuzungumza bila okestra, uko Paris ya mwaka 1875; okestra isiponyamaza kabisa, unasikiliza toleo la Guiraud.

Sikiliza kabla ya kutazama

Kwa kuwa noti ndizo mwongozaji asizoweza kuzigeuza, ni vyema kufika ukumbini ukiwa tayari umesikiliza rekodi, na kuyatia maanani mahali pachache kuliko kujaribu kukumbuka yote.

Mahali pa kwanza ni utangulizi wa okestra. Unaanza kwa kelele za sherehe ya uwanjani, unapita katika wimbo wa Escamillo, kisha unasimama ghafla. Nyuzi zinatetemeka, na chini yake unapanda na kushuka muziki mzito wa noti chache ambao hauishii mahali pa kupumzika, unakatika tu. Wataalamu huuita muziki wa ajali, kwa maana ya kile alichoandikiwa mtu. Utausikia tena Carmen anapoingia, ukiwa umeharakishwa na kufanywa mwepesi kama mzaha, utausikia anapomtupia José ua, utausikia kwenye karata na mwishoni kabisa. Angalia mwongozaji anafanya nini kila unaporudi. Wengine hulifungua pazia wakati wa utangulizi na kutuonyesha José akiwa mfungwa, kwa kumfuata Mérimée. Wengine huacha giza. Anayeujaza utangulizi huo kwa vitendo vingi hadi muziki wa ajali ukapita bila kusikika amejipunguzia silaha yake iliyo bora.

Mahali pa pili ni Habanera, wimbo wa kwanza wa Carmen. Sauti yake inateremka hatua ndogo ndogo huku besi ikirudia mdundo mmoja bila kubadilika. Bizet aliichukua tuni hiyo akidhani kuwa ni ya kienyeji, kumbe ilikuwa ya Sebastián Iradier, mtunzi wa Hispania aliyefariki mwaka 1865, na katika noti zilizochapishwa aliongeza maelezo ya kukiri chanzo hicho. Carmen anaimba kwamba mapenzi ni ndege asiyefugika. Tazama anamwimbia nani. Ikiwa anawaimbia wanaume wote waliomzunguka, tunaona kazi yake ya kila siku ya kuwacheza shere. Ikiwa anamwimbia José pekee, ambaye hata hamtazami, onyesho limeshaamua kwamba haya ni mawindo.

Mahali pa tatu ni wimbo wa ua, ambao José anauimba katika sehemu ya pili akieleza kwamba alilitunza ua lile gerezani. Karibu na mwisho sauti inapanda hadi noti ya juu ambayo Bizet ameandika iimbwe kwa sauti ndogo sana. Wapo waimbaji wa teno, sauti ya juu ya kiume, wasiokubali. Wanaipaza noti hiyo kwa nguvu zote, na ukumbi unapiga makofi. Huu ni mfano mzuri wa mazoea yaliyolishinda andiko. Ikiimbwa kwa nguvu, José ni mwanamume anayedai. Ikiimbwa kwa unyenyekevu, ni mtu aliyepotea, na ukali wake wa baadaye unatisha zaidi.

Mahali pa nne ni mapambano ya mwisho kati ya wawili hao. Kwaya iko nje ya jukwaa, ndani ya uwanja, ikimshangilia Escamillo, na kila shangwe inapolipuka, jukwaani hasira inaongezeka. Bizet ameyaweka mauaji na sherehe katika pumzi moja. Carmen anasema kwamba alizaliwa huru na atakufa huru, anaitupa pete aliyopewa na José, naye José anamchoma kisu wakati wimbo wa ushindi ukiendelea kusikika.

Pima yaliyobadilishwa

Mzoea punda hapandi farasi, na kwa Carmen punda wengi wameshazoeleka: gauni jekundu, waridi jekundu mdomoni, mikono kiunoni, kipepeo cha kujipepea mkononi. Yafaa kujua ni yapi yenye mizizi. Maelekezo ya jukwaa yanamtaka Carmen aingie kwa vazi na mwendo ule ule alioueleza Mérimée, na Mérimée amemvika sketi fupi nyekundu, soksi nyeupe za hariri zenye tundu zaidi ya moja, na viatu vyekundu vya ngozi vilivyofungwa kwa utepe wa rangi ya moto. Wekundu, basi, una haki yake. Waridi hauna: ua alilolishika kwenye pembe ya mdomo ni la mkasia, ua dogo la manjano lenye harufu kali, na ni harufu hiyo ambayo José anasema iliendelea kumfuata gerezani hata ua liliponyauka. Nayo matundu ya soksi ni jambo ambalo maonyesho mengi yanayojiita ya jadi huliacha, kwa kuwa linamwonyesha Carmen kuwa ni mfanyakazi maskini, na umaskini hauvutii kwenye bango.

Mwaka 2023 nyumba ya opera ya Rouen, Ufaransa, ilijaribu kulijenga upya onyesho la 1875 kwa kufuata nyaraka za wakati huo, likiongozwa na Romain Gilbert na mavazi yakibuniwa na Christian Lacroix. Kwa mtazamaji mpya, onyesho la namna hiyo ni somo zuri la kuanzia, ingawa nalo ni tafsiri kama nyingine zote: waimbaji ni wa leo, taa ni za leo, na hadhira haishtuki tena kumwona mwanamke akivuta sigara.

Wengine huhamisha mahali na zama. Calixto Bieito, kuanzia mwaka 1999, aliipeleka Carmen kwenye Hispania ya miaka ya mwisho ya utawala wa dikteta Franco, akaweka kibanda cha simu, magari ya Mercedes ya wafanya magendo na umbo kubwa la fahali wa tangazo la barabarani. Carrie Cracknell, katika Metropolitan Opera ya New York, alilifungua onyesho lake tarehe 31 Desemba 2023 likiwa limehamishiwa Marekani ya leo: kiwanda cha tumbaku kimekuwa cha silaha, na Escamillo ni nyota wa rodeo, mashindano ya kupanda fahali na farasi wakali. Kwa maonyesho ya aina hii swali la kujiuliza ni moja: je, mahali papya pana sheria zinazofanana na za mahali pa zamani? Kisa hiki hakisimami bila askari ambaye kuasi kwake ni kosa kubwa, bila mpaka unaopitishwa magendo, na bila jumuiya ambayo mwanamke anaweza kufanya kazi humo na bado akahesabiwa kuwa hatari. Bieito alizipata sheria hizo zote katika Hispania hiyo ya Franco, ndiyo maana onyesho lake limeendelea kurudishwa katika nyumba nyingi kwa miaka mingi. Mahali pengine hupendeza kwenye picha, kisha katika sehemu ya tatu hakuna anayeelewa watu wale wanafanya nini milimani.

Mfano wa uhamisho uliofanikiwa hadi lugha ni filamu ya Afrika Kusini ya mwaka 2005, U-Carmen eKhayelitsha, iliyoongozwa na Mark Dornford-May. Pauline Malefane aliimba nafasi ya Carmen kwa Kixhosa, muziki ukiwa wa Bizet, na José akawa polisi wa Khayelitsha, kitongoji cha Cape Town. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Dubu wa Dhahabu katika tamasha la Berlin mwaka huo. Anayeiona hugundua kwamba Sevilla haikuwa lazima; kilichokuwa lazima ni kiwanda, polisi na mtaa unaojua habari za kila mtu.

Kundi jingine haligusi mahali bali muundo wa kisa. Peter Brook, mwaka 1981 mjini Paris, aliipunguza opera hii hadi dakika 80 hivi, akiwa na waimbaji wachache na okestra ndogo, akamrudisha na Garcia, yule mume wa hadithini. Dmitri Tcherniakov, katika tamasha la Aix-en-Provence mwaka 2017, alimleta mwanamume wa leo aliyechoka na maisha, ambaye mkewe anamwingiza katika tiba ya kuigiza hadithi ya Carmen. Wengine wote wanaendelea kujua kuwa ni mchezo, lakini yeye anazidi kuuamini. Hapa ukali wa mtazamaji uongezeke. Wazo kama la Tcherniakov hupimwa kwa sehemu ya nne: ikiwa baada ya fremu hiyo yote muziki wa mwisho bado unamvunja mtu mmoja mbele yetu, wazo limelipa gharama yake. Likibaki kuwa maelezo ya akili tu, muziki utakuwa umeachwa ukiimba peke yake.

Kisha wako wanaoubadilisha mwisho wenyewe. Januari 2018 mjini Florence, Leo Muscato alimfanya Carmen anyakue bastola ya José na kumpiga risasi, kwa hoja kwamba hadhira isishangilie kifo cha mwanamke. Usiku wa kwanza bastola ilikataa kulia. Nia yake inaeleweka, na maswali aliyoyazusha magazetini hayakuwa ya bure, lakini nadhani aliligusa andiko pale lilipokuwa tayari upande wake. Bizet hajamtukuza muuaji. Amemwachia maneno ya kuwaomba watu wamkamate, na amemwachia Carmen neno la uhuru ambalo José hana jibu lake ila kisu. Makofi ya mwisho ni ya waimbaji. Mwongozaji anayetaka tuione jinai kama jinai ana njia nyingi ndani ya noti zilezile: kumtoa José ile huruma ya bure tangu sehemu ya kwanza, kurudisha mazungumzo ya ugomvi wa Navarra, kuwaweka watu wanaopita karibu bila kuingilia kati.

Lipo suala moja ambalo onyesho jipya haliwezi kulikwepa siku hizi, nalo ni Waroma, yaani watu wa jamii iliyozoeleka kuitwa Wajipsi, si wenyeji wa jiji la Roma. Carmen ni Mroma, na Mérimée aliandika kuhusu watu hao kwa jicho la Ulaya iliyowadharau kwa karne nyingi. Hata aliongeza sura nzima ya maelezo juu yao baada ya hadithi kuisha. Opera imerithi sehemu ya jicho hilo: ubashiri wa karata, magendo, ngoma na ulaghai. Waongozaji wengine huuondoa Uroma kabisa na kumfanya Carmen mfanyakazi wa kawaida. Wengine, kama Muscato aliyeiweka opera katika kambi ya Waroma ya miaka ya 1980, huuweka mbele ili dharau yenyewe ionekane. Njia zote mbili zina hoja. Isiyo na hoja ni ile ya kuuacha kama pambo, shanga na shali tu.

Siku yenyewe

Fika mapema, kwa kuwa utangulizi haurudiwi na milango ya nyumba nyingi hufungwa unapoanza. Pamoja na mapumziko, onyesho kamili huchukua saa tatu au zaidi. Soma orodha ya waimbaji siku hiyo hiyo, maana magonjwa ya koo hubadilisha majina saa za mwisho. Ukiweza kuchagua kiti, chagua cha juu kuliko cha mbele. Makundi makubwa ya sehemu ya kwanza na ya nne, pamoja na watoto wanaowaiga askari, husomeka vizuri kutoka juu.

Kwenye mapumziko usianze kwa kuuliza kama umependa. Jiulize José ni nani katika onyesho hili, na Micaëla amepewa kazi gani. Micaëla ndiye kipimo ninachokiamini zaidi: mwongozaji aliyemfikiria atamfanya msichana mwenye ujasiri wa kupanda milima peke yake usiku na kuimba kwamba haogopi huku akiogopa, na asiyemfikiria atamvika gauni la buluu na kumwacha asimame. Ukitoka, tafuta rekodi ya video ya onyesho lililo kinyume na uliloliona, Rouen ikiwa ulitazama Tcherniakov, au Bieito ikiwa ulitazama Rouen, na uiangalie sehemu ya nne peke yake, ambayo haizidi nusu saa.